Mchumba wa Kisiwa cha Bornholm

Newburg, Louisville
18 Januari 2025

Teta mwanangu,

Kwa heshima zote, mbele ya ukoo wetu mzima, walio hai na waliotangulia, pamoja na wale wa Columbus ambao hawapokei simu, natangaza kwamba tangu Jumatano mimi Theogene nina kadi ya maktaba. Ni ya plastiki, ya bluu. Nyuma kuna kamstari ka kutia sahihi, na nimetia sahihi yangu yote mpaka ikatoka nje.

Sasa salamu. Huku tuko wazima. Mama Mutesi anakusalimia, goti lake linamsumbua akipanda ngazi, na sisi tunakaa juu. Mtoto wetu Mutesi ukimpa habari za asubuhi anakujibu kwa Kiingereza. Ukimkasirikia anaomba msamaha kwa Kiingereza vilevile, donc basi nasamehe kitu ambacho sikukielewa vizuri. Ghalani wamenitoa upande wa viatu wakanipeleka upande wa chakula cha mbwa. Mifuko ni mizito, lakini mbwa harudishi kitu kwa sababu hakimtoshi mguuni.

Bon. Lile neno lako la simu. Uliniambia haraka haraka, kama mtu anayeogopa salio kuisha, kwamba kuna kijana anaitwa Gisa, mlijuana kambi ya wakimbizi Rwanda, na sasa anaishi Denmark, kwenye kisiwa. Ukaniomba nisimame upande wako siku ya posa, kwa sababu baba yako, Mungu amlaze pema, hayupo, na katika ndugu zake wa kiume nimebaki mimi. Nikakwambia nitajibu kwa karatasi. Sikukukwepa. Simu ni ya salamu. Msichana hatolewi kwa simu.

Unajua kazi ya msemaji wa upande wa msichana. Si kukubali. Ni kuwachosha wageni kwa maswali mpaka ionekane kama wanamtaka kweli au walikuwa wanapita tu. Baba yako alipomsemea shangazi yako Mukansanga, kule kwetu milimani, aliwauliza wale watu kila mto ulio kati yao na sisi, na ng'ombe wao wanakunywa wapi kiangazi. Walitoka jasho kwenye baridi. Mimi nitauliza nini juu ya kisiwa ambacho sijui hata kama kina mto? Ndiyo maana ya kadi.

Niandikie mahali hapo panaitwaje, na huyu kijana anafanya kazi gani. Bila hayo siwezi kusimama mbele ya watu.

Baba yako mdogo,
Theogene


Lackawanna
9 Februari 2025

Baba mdogo mpendwa,

Hongera kwa kadi. Nimeitangaza kazini. Bibi mmoja ninayemwogesha aliuliza kama ni ya gari, nikasema hapana, akasema basi haina maana.

Huku ziwa limetutupia theluji mpaka madirishani. Mimi ni mzima, kikohozi kimepita. Mwambie Mama Mutesi nimemtumia dawa ya kuchua goti, asiipake kabla ya kanisa, inanuka.

Kisiwa kinaitwa Bornholm. Ni cha Denmark, lakini Denmark yenyewe iko mbali nacho. Kimekaa peke yake upande wa mashariki, chini ya Sweden, kama mtoto aliyelala kwa jirani wakasahau kumchukua. Gisa anakaa Rønne, mji mkubwa kuliko mingine, magharibi, penye bandari. Kutoka pale unapanda meli mpaka Ystad, ambayo ni Sweden, chini ya saa moja na nusu. Ukifuata pwani kwenda kaskazini unapata Hasle, halafu Allinge. Ukizunguka upande wa pili kuna Gudhjem, ambako anasema barabara inateremka kama inataka kuingia majini, halafu Svaneke na Nexø. Mji mmoja tu wa zamani hauko pwani, unaitwa Aakirkeby. Nyumba zimepakwa rangi ya njano na nyekundu, na wanakausha samaki kwa moshi. Watu hawapigi kelele. Mwaka wa kwanza alidhani wamemkasirikia.

Kuhusu kazi yake, yuko kwenye mifugo, shambani, karibu na kijiji cha Klemensker. Bosi wake anampenda.

Shangazi Mukansanga amekubali posa ifanyike kwake Westerville, pembeni mwa Columbus, kwa kuwa Columbus iko katikati yetu na sebule yake ni kubwa. Tunasubiri neno lako tu.

Mwanao,
Teta


Newburg
22 Machi 2025

Teta mwanangu,

Salamu nyingi. Dawa imefika, goti linasikia nafuu, kanisani watu wamesogea mbali kidogo. Mutesi amechaguliwa kwenye timu ya mpira wa wavu. Niliambiwa kwa Kiingereza, nikapiga makofi, kumbe habari ilikuwa inaendelea.

Nimesoma kisiwa chako. Mama wa maktaba amenizoea, nikiingia ananitolea ramani kabla sijasema. Mlima wao mrefu una mita mia moja sitini na mbili. Nilirudi mezani kwake nikamwuliza kama waliochapa walisahau sifuri. Teta, sisi tumezaliwa mahali ambapo mawingu yanapita chini ya ng'ombe. Kile si mlima, ni mahali pa kuwekea mguu ukifunga kamba za kiatu. Lakini wamekipa jina na wamejenga mnara juu yake, na mtu anayeheshimu kidogo alichonacho siwezi kumcheka sana.

Makanisa yao ya zamani yako manne ya mviringo, meupe, na kuta nene kama za watu wanaotegemea kushambuliwa. Na walishambuliwa. Nilisoma kwamba Nexø na Rønne zilipigwa mabomu vita kuu ya pili ilipokuwa inaisha, siku ambazo Denmark iliyobaki ilikuwa imeshatoka barabarani kusherehekea. Baadaye Sweden ikawaletea nyumba za mbao, na watu wanakaa humo mpaka leo. Hapo niliweka kitabu chini. Nikasema, hawa wanajua kupewa nyumba na watu wengine. Nikawapenda kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Katikati ya kisiwa kuna msitu unaitwa Almindingen, na kitabu kina picha ya ng'ombe wao wamesimama kwenye miti. Mwanangu, nilisikitika. Wana nundu, wana ndevu, manyoya hayajaguswa na mtu. Pembe fupi za aibu. Wamezungushiwa uzio, na huoni chombo cha maziwa wala mtoto anayewaita. Mwambie Gisa, kwa upole, ng'ombe haachwi namna ile. Aanze kwa kuwapitishia mkono asubuhi, mmoja mmoja, akiwaita majina.

Lakini sikufichi, nimefurahi. Niliogopa utaniambia ni maboksi kama sisi sote. Kijana wa kwetu aliyefika mpaka mwisho wa dunia na bado anachunga! Siku ya posa hilo ndilo litakuwa swali langu la kwanza, mbele ya wazee wote wa Columbus: huyu kijana anachunga nini, na wanyama wake wanaitwaje? Msemaji wao ajitayarishe.

Usiniulize kama kule ni mbali. Sijasema ni mbali.

Theogene


Lackawanna
27 Aprili 2025

Baba mdogo,

Natumaini Pasaka imewakuta salama. Huku kwaya iliimba vizuri mpaka umeme ukakatika, halafu ikaimba vizuri zaidi. Nimepewa zamu ya asubuhi, sasa naliona jua, likitoka.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Wale wa kwenye picha si ng'ombe wa Gisa. Si ng'ombe wa mtu. Ni wanyama wa porini, jamaa ya nyati, waliletwa kutoka Poland wakae msituni watu wawatazame. Hakuna anayewakamua kwa sababu anayejaribu hatarudi kusimulia.

Gisa anafuga nguruwe.

Nimeandika. Kisiwa kile nguruwe ni wengi kuliko watu, mara nyingi zaidi. Anafanya kazi kwenye zizi refu kama ghala lako, lina taa na feni, na anavaa ovaroli safi kila akiingia. Ndiyo kazi aliyoipata alipokuwa bado hajui lugha, na wakaona ana mkono wa mifugo, wakambakiza. Mimi nilisema "mifugo" kwa makusudi. Uliponiandikia ulivyofurahi, nikashindwa kula.

Unajua watu wetu. Mtoto wa wafugaji, ambaye babu yake alikuwa anaitwa kwa jina la fahali wake, leo anafagia chini ya nguruwe. Wazee wa Columbus hawatamcheka siku moja tu. Watamcheka mpaka kwa watoto wake. Na yeye anajua. Kila siku kabla ya kunipigia anaoga, halafu anaoga tena. Nilimtania kwamba simu haibebi harufu. Akasema, "Najua. Naoga kwa ajili yangu."

Hakuniomba nikuandikie haya. Ninayekuomba ni mimi. Lile swali usiliulize. Ukiliuliza mbele ya watu atainuka aondoke, namfahamu, na mimi sitaolewa bila mtu wa baba yangu kunisemea. Donc yote yako mkononi mwako. Kama utaliuliza, niambie sasa, nisiwasumbue watu wa Westerville.

Teta


Lackawanna
15 Juni 2025

Baba mdogo,

Salamu kwa wote. Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika. Nikipiga simu Mutesi anapokea, anasema uko bize, na nyuma yake nasikia unakohoa.

Gisa ameshapata tiketi. Ni Jumamosi tarehe 26 Julai, kwa shangazi. Msemaji wao atakuwa Précieux, yule dereva wa malori wa Columbus. Shangazi ananiuliza kila siku kama unakuja, na mimi namjibu habari za hali ya hewa.

Teta


Newburg
6 Julai 2025

Teta mwanangu,

Salamu. Barua zako zote zimefika. Goti la Mama Mutesi liko vilevile. Joto ni kali, ghalani wametuwekea feni moja na imeelekezwa kwa msimamizi.

Suti imepunguzwa kiunoni. Nitakuja Westerville.

Msemaji haandiki maswali yake kabla.

Theogene


Newburg
10 Agosti 2025

Teta mwanangu,

Tumefika salama siku ile, isipokuwa Mama Mutesi alisahau sufuria kwa shangazi yako, na sasa ni kama tumeacha mtoto.

Nakuandikia yaliyotokea sebuleni kwa sababu wewe ulifungiwa juu na wasichana, kama desturi inavyotaka, na shangazi yako amesambaza habari kwamba nililia. Nilikuwa na mafua. Hiyo iandikwe.

Tulipomaliza sala na soda, Précieux akasimama, akasema wamekuja kutafuta ua. Nikamwuliza wametoka wapi. Akasema Denmark. Nikasema Denmark ni pana kwa mtu anayetafuta ua. Akasema kisiwani. Nikauliza kisiwa gani, viko vingi. Akamgeukia Gisa, lakini mchumba haruhusiwi kusema, akabaki anaangalia zulia. Nikauliza: binti yetu akiamka Rønne na akataka samaki wa Nexø, atapita wapi? Précieux akafikiri, akasema atapanda mtumbwi. Watu walicheka mpaka mtoto wa mtu akaamka. Ikabidi nimweleze kwamba kuna basi, linakatiza ndani kupitia Aakirkeby, na akitaka kufuata pwani atapita Dueodde penye mchanga mweupe mwembamba ambao zamani waliuweka kwenye saa za mchanga. Nikamwuliza juu ya kanisa la mviringo la Østerlars, hajui, nikamweleza. Nikamwuliza juu ya bonde la msituni linalorudisha sauti, hajui, nikamweleza. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Huyu yuko upande wa nani?" Ni kweli, nilikuwa nimewaposea wao.

Nilidhani nimepita. Ndipo Mzee Muhoza, yule anayekaa karibu na chakula kila sherehe, akainua mkono.

"Msemaji, umetutembeza vizuri. Lakini hujauliza kitu kimoja. Huyu kijana anachunga nini?"

Précieux akaangalia viatu vyake. Gisa akainua macho akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Nitakwambia ukweli, njia nzima kutoka Louisville sikujua nitafanya nini likija swali hilo. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu, nimeipiga pasi pamoja na suti.

Nikasema, "Mzee Muhoza, na wewe hapa Columbus unachunga nini?"

"Mimi?"

"Wewe."

Akafikiri. "Maboksi."

"Na mimi Louisville nachunga chakula cha mbwa. Mbwa wenyewe sijawaona. Huyu kijana anachunga kitu kinachopumua. Tuendelee."

Wakacheka, na Muhoza akacheka, na ingeishia pale. Lakini Gisa akasimama. Précieux akamvuta koti, hakukaa.

"Ni nguruwe, wazee wangu," akasema. Hakuinamisha kichwa. "Msije mkasikia kwa mtu mwingine."

Unajua kelele ya watu wanaovuta pumzi pamoja? Shangazi yako alishika sinia kama ngao. Wote wakanigeukia, maana sasa lilikuwa neno langu. Nikamtazama yule kijana. Mikono yake, Teta, ni mikono ya mtu wa kwetu, inajua kushika. Nikamwuliza swali moja, lile ambalo baba yako angeuliza.

"Wakizaa, nani anakaa nao?"

"Mimi."

"Hata kama si zamu yako?"

"Wananipigia simu. Nakwenda."

Nikakaa chini. Nikawaambia sina swali lingine, walete vinywaji, na binti aitwe. Muhoza alinong'oneza kitu kwa jirani yake, na kesho atakinong'oneza kwa mwingine, sikudanganyi. Watacheka. Lakini Gisa alichagua mwenyewe mlango ambao kicheko kitaingilia, na mtu wa namna hiyo nampa binti ya kaka yangu.

Ulitaka kujua kwa nini sikujibu tangu Aprili. Nilikuwa nawakasirikia nguruwe. Nguruwe ni rahisi kukasirikia, hawajibu barua. Kuna vitu vingine mtu hawezi kuvikasirikia bila kuonekana mjinga, kama vile karatasi zako za kusafiria kutoka mapema.

Najua sasa unaondoka Oktoba. Usiwe na huzuni. Nitakuja kukutembelea. Njia yote naijua: ndege mpaka Copenhagen, treni juu ya lile daraja refu mpaka Sweden, kisha Ystad, kisha meli, na Rønne unaiona kwanza kwa mnara wa kanisa juu ya bandari. Nitakuja kiangazi, tutapanda ule mlima wao kabla ya chai. Umbali si kitu kwa watu wa damu moja. Huo ni uamuzi wangu na hauna rufaa.

Baba yako mdogo,
Theogene


Lackawanna
7 Septemba 2025

Baba mdogo mpendwa,

Sufuria iko njiani, shangazi ameifunga kwa nguo kama mgonjwa. Mwambie Mutesi nimeona picha za mchezo wao, anaruka vizuri. Huku asubuhi zimeanza kuwa baridi na nimeanza kugawa vitu. Kabati limechukuliwa, meza bado.

Asante. Sina namna nyingine ya kuliandika. Kule juu wasichana walilaza masikio kwenye sakafu, tukasikia sauti yako bila maneno, inapanda na kushuka, halafu ikanyamaza. Nikadhani yamekwisha. Nilishavua kiatu kimoja. Ndipo shangazi akaja kunichukua, na nilishuka ngazi nikichechemea na watu wakadhani ni aibu ya bibi harusi.

Gisa anasema unakijua kisiwa kuliko yeye. Dueodde hajafika, zamu zake hazimruhusu. Svaneke amepita mara moja, mvua inanyesha. Ananiuliza baba mdogo alikaa kule miaka mingapi. Wenzake wa kazini wamemwuliza posa ilikwendaje, akawaambia alifanyiwa mtihani wa jiografia na akafaulu kwenye somo lingine. Siku hizi anaoga mara moja, anasema maji ni ghali.

Bibi ninayemwogesha ameniuliza ninakokwenda. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akaitazama sana, akasema ni kadogo. Nikamwambia hata hivyo kana miji.

Nimefurahi kwamba utakuja. Nimemwambia Gisa, na ameshaanza kutafuta kitanda. Ninapofunga vitu vyangu nafikiria uamuzi wako usio na rufaa, na ninauamini, kwa jinsi ninavyokupenda.

Mwanao,
Teta

N.B. Kutoka Newburg mpaka Lackawanna ni siku moja kwa gari. Nimekaa hapa miaka sita, na hujawahi kufika.